Kona ya mviringo kwenye etaji: juu ya nini viungo vya alikobondi vinavuja na kuachana

Mtu akipita leo kwenye barabara kubwa za Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, anaona namna sura ya miji imegeuka. Etaji nyingi mpya hazipakwi rangi tena. Zinavalishwa mabamba ya kung'aa, ya kijivu, mekundu ao ya bluu, ambayo kila mtu anaita alikobondi. Na wenye nyumba wengi hawapendi tena kona kali. Wanataka kona ya mviringo, ile inayogeuka polepole kutoka barabara moja hadi nyingine, ao kibaraza cha duara juu ya mlango wa duka.

Hapo kwenye kona njo taabu zinaanzia. Ukuta ulionyooka unaweza kukaa miaka bila neno. Lakini kona yake, kisha msimu mmoja ao miwili ya mvua, inaanza kuonyesha mistari myeusi inayoshuka kutoka kila kiungo. Silikoni inaachana upande mmoja. Bamba linafura katikati. Ndani, chumba kilicho nyuma ya kona kina ukuta wenye kulowana. Mwenye nyumba anaita fundi, fundi anapanda na silikoni nyingine, anajaza. Msimu unaofuata ni vilevile, na pesa zimetoka mara mbili.

Mara nyingi kosa haliko kwenye silikoni. Liko kwenye namna kiungo kilifikiriwa tangu mwanzo, ao hakikufikiriwa hata kidogo. Kiungo kati ya mabamba mawili si ufa wa kuziba. Ni nafasi iliyoachwa kusudi ili bamba lisogee. Kwenye ukuta ulionyooka, fundi anaweza kusahau jambo hilo na asionekane haraka. Kwenye mviringo, hesabu yote inatoka nje.

Bamba lenyewe ni kitu gani

Alucobond ni jina la biashara la kiwanda kimoja. Bamba hilo lilitokea Ulaya mwaka wa 1969, na jina likawa la kila bamba la namna hiyo, sawa vile kila kalamu inaitwa biki. Mabamba mengi yanayouzwa duniani leo yanatoka viwanda vingine, hasa vya China, na ubora wake haufanani.

Ni kama mkate wenye kitu katikati. Kuna karatasi mbili nyembamba za aluminiamu, na kati yake kuna tumbo la plastiki ao la unga wa mawe uliochanganywa na plastiki kidogo. Bamba la kawaida la fasadi lina unene wa milimita 4. Kwenye bamba zuri, kila karatasi ya aluminiamu ina nusu milimita. Kwenye yale ya bei ya chini, karatasi hiyo ni nyembamba zaidi, milimita 0.3 ao hata chini ya hapo. Kwa macho, yote mawili yanafanana. Kipimo kinachopatikana sana ni mita 1.22 kwa mita 2.44.

Bamba halipigiliwi ukutani kama manjanja. Fundi anaanza kwa kufunga chuma za tibu kwenye ukuta, zikifanya kama mifupa, na bamba linakaa juu ya mifupa hiyo. Kati ya bamba na ukuta inabaki nafasi ya hewa ya sentimita kadhaa. Ili bamba lipate ukingo wa kushikia, fundi analigeuza, anachora mfereji wa umbo la V upande wa nyuma kwa mashine, akiacha karatasi ya mbele bila kuikata, kisha anakunja kando zote nne. Linakuwa kama sahani ya mstatili yenye midomo. Midomo hiyo njo inafungwa kwenye tibu kwa riveti ao visi.

Kwenye ukuta ulionyooka kazi hiyo ni rahisi. Sasa jaribu kupinda sahani hiyo.

Hesabu ya mdomo uliokunjwa

Mtu yeyote aliyewahi kuona nguo inayoshonwa kwenye kola anafahamu jambo hili: upande wa nje wa mviringo ni mrefu kuliko upande wa ndani. Tuseme kona ni robo ya duara, na kutoka katikati ya duara hadi kwenye uso wa bamba kuna mita 1. Urefu wa uso huo ni mita 1.57. Mdomo uliokunjwa juu na chini ya bamba unaingia ndani milimita 25. Ncha yake ya ndani inabakiwa na nafasi ya mita 1.53 tu. Karibu sentimita 4 za bamba hazina pa kwenda. Zinajikunja kama nguo iliyovutwa uzi, ao zinasukuma uso wa mbele hadi uonyeshe mawimbi wakati jua linapiga kwa upande.

Njo maana bamba lililokunjwa midomo yote minne haliwezi kupindwa kisha. Fundi anayelazimisha kwa goti na kwa kamba anapata mawimbi. Yule anayepasua midomo kwa meule kila sentimita chache anapata mviringo, lakini kila mpasuko ni mlango wa maji, na mdomo uliopasuliwa hauna nguvu ya kushika.

Mafundi wenye kujua wanachagua kati ya njia mbili za kweli.

Ya kwanza ni kupinda bamba likiwa bado bapa, bila midomo ya juu na ya chini, kwenye mashine ya mizunguko mitatu inayosukuma bamba kidogo kidogo. Mdomo wa juu na wa chini unatengenezwa pembeni, kwa ukanda wa aluminiamu uliokatwa kufuata mviringo, na unafungwa nyuma ya bamba kwa riveti. Mviringo unakuwa safi. Lakini kuna siri moja ambayo wengi wanaigundua wakati pesa imekwisha kutoka: mashine hiyo haipindi ncha. Sentimita chache za mwanzo na za mwisho zinabaki bapa, kwa sababu mizunguko haijazishika vizuri. Mabamba mawili ya namna hiyo yakikutana katikati ya kona, kiungo kinatokeza kama mgongo wa samaki. Kuna dawa mbili. Ao bamba linapindwa likiwa refu kuliko kipimo na ncha bapa zinakatwa, ao kiungo kinawekwa pale ambapo mviringo unaishia na ukuta ulionyooka unaanza. Mahali pale ubapa haudhuru, maana hata ukuta ni bapa.

Njia ya pili ni kuacha mviringo wa kweli na kuugawa kwa mabamba membamba yaliyonyooka, yaliyosimama kama mbao za pipa. Kila bamba lina midomo yake minne bila kupindwa. Macho ya mtu aliye barabarani yanaona duara. Upana wa kila bamba njo unaamua kila kitu. Kwenye kona yenye mita 1.50 kutoka katikati hadi ukingoni, bamba la upana wa sentimita 60 linaachana na duara kwa milimita 30 katikati yake, na kona inaonekana kama sanduku. Bamba la sentimita 30 linaachana kwa milimita 7 na nusu tu. Nusu ya upana inaleta robo ya kosa. Viungo vinakuwa vingi zaidi, kweli, na kazi ni ndefu. Lakini pale ambapo mashine ya kupinda haipatikani, ao inapatikana kwa mkopo wa siku moja na hakuna anayeijua vizuri, njia hii ni bora kuliko mviringo wa kulazimisha. Mwenye nyumba asione haya kuichagua.

Kuna kosa lingine la kipimo, dogo kwa kulisema, kubwa kwa mfuko. Fundi anakata gabari ya tripleksi kwa msumari na uzi akifuata ukuta. Anasahau kwamba bamba halikai ukutani, linakaa juu ya tibu, sentimita 8 mbele kwa mfano. Kwenye robo ya duara, sentimita 8 hizo zinaongeza urefu wa sentimita 12 na nusu. Mabamba yaliyokatwa kwa kipimo cha ukuta hayatafika. Njo pale kunaonekana kile kiraka chembamba kwenye mwisho wa kona, cha rangi inayokaribia lakini si ileile. Gabari inapashwa kufuata uso wa bamba, na kupimwa tena kisha tibu kufungwa, maana ukuta wa matofali haujawahi kuwa duara kamili.

Wakaaji wa Bukavu wanajua kona za duara tangu zamani. Majengo mengi ya wakati wa Wabelgiji, ya mtindo wa Ardeko, yana kona laini zinazoelekea barabarani. Zile zilifanywa kwa matofali na krepi ya simenti. Mason alizungusha mwiko wake na hapakuwa na kiungo hata kimoja. Pengine njo sababu watu wanafikiri kona ya duara ni kazi nyepesi. Kwa simenti ilikuwa kazi ya mkono. Kwa mabamba ni kazi ya hesabu, na hesabu inafanywa chini, kabla ya kupanda.

Jua la saa sita na kiungo cha milimita 5

Aluminiamu inaongezeka ikipata joto. Mita moja ikipanda digri 100 inaongezeka milimita 2.4. Ni kidogo, lakini hesabu inaendelea. Asubuhi mapema Goma, bamba linaweza kuwa na digri 15. Saa sita ya mchana, bamba la rangi nyeusi ao ya kijivu kali linalopigwa na jua linapita digri 60. Tofauti ni karibu 50. Bamba la mita 2.44 linaongezeka karibu milimita 3, na usiku linarudi. Hivyo kila siku, mwaka mzima. Mita 10 za fasadi bila kiungo zingetaka nafasi ya milimita 12.

Sasa tuangalie kiungo. Silikoni nyingi nzuri za ujenzi zinakubali kunyoshwa ao kubanwa kwa robo ya upana wake. Zile za ubora wa juu zinafika nusu. Kiungo cha milimita 12 kikisogea milimita 3, hiyo ni robo. Kinavumilia. Kiungo cha milimita 5, ambacho wenye nyumba wengi wanapenda kwa sababu kinaonekana kizuri, kikisogea milimita 3 kimepita nusu. Kitapasuka, hata silikoni iwe ya bei gani.

Kwenye mviringo jambo linazidi. Bamba bapa lililobanwa linaweza kusukuma jirani yake. Bamba la mviringo lililobanwa kwenye ncha zote mbili linatenda kama upinde: ukisukuma ncha, tumbo linatoka nje. Njo ile hali ya kufura inayoonekana mchana na kupotea jioni. Watu wanasema bamba ni baya. Mara nyingi bamba ni zuri, lakini limefungwa kama mfungwa.

Dawa iko kwenye matundu. Kila bamba lifungwe kwa nguvu mahali pamoja tu, na kwingine kote tundu liwe pana kuliko riveti kwa milimita 3 hivi, ili bamba liteleze chini ya kichwa cha riveti. Kichwa chenyewe kiwe kipana cha kutosha kufunika tundu. Fundi anayetoboa matundu yote kwa foro moja na kukaza yote sawasawa amekwisha kuamua mahali bamba litafurika.

Silikoni: kunusa, kamba na pande mbili

Kwenye kiungo chenye kuzibwa, silikoni inapashwa kushika pande mbili tu, bamba la kushoto na bamba la kuume. Ikishika pia kwenye tibu iliyo nyuma, inavutwa pande tatu na inachanika katikati. Kwa hiyo kabla ya kutia silikoni, kunaingizwa kamba ya musi, ile ya duara laini, nene kidogo kuliko kiungo ili ibaki imejibana. Silikoni haigandamani nayo vizuri, na hiyo njo faida yake. Tena kamba inazuia silikoni isiingie ndani sana. Kipimo kinachofuatwa ni kina cha nusu ya upana: kiungo cha milimita 12, silikoni ya milimita 6. Wale wanaojaza hadi mwisho wakidhani wingi ni nguvu, wanapoteza silikoni na wanaidhoofisha.

Kwenye kona ya mviringo kamba hiyo ina umuhimu zaidi, maana pande mbili za kiungo hazitazamani sawa. Mbele kunafunguka, nyuma kunafungana. Bila kamba, silikoni inakaa kama kabari: nene mbele, nyembamba nyuma.

Halafu kuna harufu. Silikoni inayonuka siki wakati inatoka kwenye tube inatoa asidi inapokauka. Ni nzuri kwa vioo na vyombo vya bafu. Kwa chuma na simenti inaleta kutu na kuachana. Kwa fasadi inatakiwa ile inayoandikwa "neutre" kwenye tube, ambayo hainuki siki. Bei yake iko juu kidogo. Mwenye nyumba asiyejua kusoma maandishi ya tube anaweza kufungua moja na kunusa. Ni jaribio lisilodanganya sana.

Bamba lipanguswe vizuri kabla, maana vumbi la barabara za lava linaingia popote, na silikoni iliyowekwa juu ya vumbi inashika vumbi, si bamba.

Maji yatapita tu

Jambo ambalo linashangaza wengi: fasadi nzuri haitegemei silikoni peke yake. Mvua ya Kivu ikija na upepo wa ziwa, matone yanapigwa kwa upande, na kwenye kona upepo unakaza zaidi kwa sababu unageuka pale. Maji kidogo yatapita. Kile kinachotakiwa ni kwamba maji yaliyopita yapate njia ya kutoka.

Kwa hiyo nafasi ya hewa nyuma ya mabamba iachwe wazi toka juu hadi chini, na mabamba ya chini kabisa yawe na matundu madogo ya kutolea maji. Juu, penye ukingo wa dari, kuwe kofia ya bamba iliyoinama kidogo kuelekea ndani ya paa, si kuelekea barabara. Makosa mengi ya kona yanatokea kwenye kofia hiyo: kwenye ukuta ulionyooka wanaweka kofia nzuri, kwenye mviringo wanashindwa kuipinda, wanaweka vipande na silikoni. Maji yanaingia kule juu, yanashuka ndani, na mwenye nyumba anayaona kwenye chumba cha etaji ya pili. Anazibisha kiungo kilicho mbele ya chumba hicho. Na fundi akiziba pia matundu ya chini "ili maji yasiingie", basi ametengeneza pipa.

Maji yaliyofungwa nyuma yanakula chuma. Tibu za chuma ambazo hazikupakwa rangi ya kuzuia kutu, hasa mahali zilichomewa, zinaoza bila mtu kuona, kwa sababu mbele kunang'aa. Visi vya chuma cha kawaida vikigusana na aluminiamu penye unyevunyevu, aluminiamu inalika haraka zaidi kuliko ikiwa peke yake. Riveti ziwe za aluminiamu ao za inoksi. Na kwa wakaaji wa Goma na Nyiragongo kuna jambo la ziada wanalolijua kwenye manjanja yao: volkano zinatoa gesi ya salfa, na mvua inayopita mu moshi huo inashuka na asidi. Manjanja yanayooza mapema yanaeleza kile kinachoweza kupata visi vilivyofichwa.

Siku kisi kinapokatika, bamba halianguki lote mara moja. Linaanza kupiga kelele wakati wa upepo. Kelele hizo zisikilizwe. Bamba la mita 2.44 lina uzito wa kilo 16 na zaidi, na chini yake, kwenye kona ya barabara, njo pale wamama wanauza ndizi na vijana wa moto wanangojea abiria.

Tetemeko nalo lina neno. Tarehe 3 mwezi wa pili 2008, Bukavu ilitikiswa na tetemeko lenye nguvu ya karibu 6. Mwezi wa tano 2021, kisha Nyiragongo kulipuka, Goma ilitetemeka siku kwa siku na nyumba nyingi zikapata nyufa. Wakati jengo linayumba, kuta mbili za kona hazichezi pamoja. Moja inakwenda huku, nyingine kule. Kona ya mviringo iko katikati, inavutwa pande zote. Kiungo kimoja kipana pale mviringo unapokutana na kila ukuta kinapunguza mapigano hayo. Kona iliyofungwa kama kipande kimoja na kuta zote mbili njo inang'oka ya kwanza.

Tumbo la bamba na moto

Hapa si jambo la kuvuja tena. Tumbo la mabamba mengi ya bei ya chini ni polietileni, plastiki ya ukoo mmoja na ile ya bido za njano. Inashika moto, inayeyuka na kudondoka ikiwaka. Na nafasi ya hewa nyuma ya mabamba, ile iliyo lazima kwa maji, wakati wa moto inakuwa kama shemine.

Tarehe 14 mwezi wa sita 2017, jengo la Grenfell Tower mjini London, lenye etaji 24, liliwaka usiku. Watu 72 walikufa. Ripoti ya kwanza ya tume ya uchunguzi, ya mwezi wa kumi 2019, ilisema mabamba yenye tumbo la polietileni njo yalikuwa sababu kubwa ya moto kupanda nje ya jengo. Ilisema pia kwamba urembo wa mabamba uliozunguka kilele cha jengo kama taji ulisaidia moto kuzunguka upande hadi upande. Ripoti ya mwisho, ya mwezi wa tisa 2024, ilionyesha kwamba majaribio ya zamani yalikuwa yamekwisha kuonyesha kitu: bamba lilelile, likikunjwa midomo kama sahani, liliwaka vibaya kuliko likifungwa bapa kwa riveti. Kwa maneno mengine, namna ya kuunganisha inahusu hata moto. Tangu mwisho wa 2018, Uingereza imekataza vifaa vinavyowaka kwenye kuta za nje za majengo mapya ya makao yenye urefu wa mita 18 na zaidi.

Miji ya hapa haina magari mengi ya kuzima moto, na chini ya etaji nyingi kuna majenereta, maduka ya mafuta, mbabula za makaa. Kona ya mviringo yenye mabamba membamba mengi ina kingo nyingi zilizokatwa, na kila ukingo uliokatwa unaacha tumbo wazi. Kwa nyumba ndefu, ao nyumba ambamo watu wanalala, bamba lenye tumbo la madini njo la kuuliza, hata kama bei inapanda.

Mfanyabiashara atasema lolote, lakini mizani haina mdomo. Bamba zuri la milimita 4 lenye tumbo la polietileni lina kilo 5 na nusu kwa mita ya mraba, yaani karibu kilo 16 kwa bamba la mita 1.22 kwa 2.44. Lile lenye tumbo la madini linalozuia moto lina kilo 7 na nusu hivi kwa mita ya mraba, na bamba zima linapita kilo 22. Mizani ya kupimia maharagi inatosha. Bamba likiwa jepesi kuliko hapo, ao tumbo ni plastiki, ao aluminiamu ni nyembamba, ao yote mawili. Kipande kidogo pia kinaweza kuchomwa nje, mbali na watu: polietileni inadondoka kama mshumaa.

Kabla ya kushusha mbao za kupandia

Mapatano na fundi yaandikwe, hata kwenye karatasi moja: unene wa aluminiamu, aina ya tumbo, upana wa viungo, aina ya riveti, silikoni neutre, matundu ya chini. Fundi achore kona kwa kipimo kamili chini, kwenye sakafu ya dale, kwa chokaa na uzi, na kuonyesha kila kiungo kitakaa wapi. Mchoro huo unachukua nusu siku. Kimo cha viungo vya ulalo kihamishwe kuzunguka kona kwa bomba la plastiki lenye maji, nivo ya zamani ya wamason, kwa sababu macho yanadanganywa na mviringo na tofauti ya milimita 5 inaonekana hadi ng'ambo ya barabara. Mishale iliyo kwenye nailoni ya kulinda bamba ielekee upande mmoja. Rangi za kung'aa zikigeuzwa zinaonekana kama rangi mbili. Nailoni yenyewe itolewe mapema kisha kazi, maana ikikaa juani inagandamana na haitoki tena.

Na kabla ya kushusha mbao na miti ya kupandia, mtu mmoja apande na bomba la maji hadi kwenye kofia ya kona, anyunyize dakika kumi na tano akishuka polepole. Wa pili akae ndani ya chumba cha nyuma na taa. Wa tatu asimame chini, aangalie matundu: maji yanapashwa kuonekana pale.